Lendako Tone la Damu: Habari za Watu wa Maabara ya Korogwe

Leo twapenda kuwaeleza habari za watu ambao wengi wenu mmewaona wakipita vijijini na masanduku yao, wala hamjui watokako wala kazi yao ikomeapo. Hao ni watu wa maabara ya utafiti iliyoko Korogwe, katika hospitali ya Magunga, chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1979. Toka Handeni hata Korogwe ni kilometa zipatazo 65 kwa barabara; walakini maneno yasemwayo juu ya nyumba hiyo yamekwenda mbali kuliko hapo.

Neno kubwa ni lile la mumiani. Babu zetu walilisikia, na hata leo mama akiona kidole cha mwanawe kinachomwa sindano, moyo wake hushtuka: damu hii yapelekwa wapi, nani auziwaye? Swali hili si la ujinga. Mtu anayetoa kitu cha mwili wake ana haki ya kuuliza kiendako. Basi na tulifuate tone moja.

Kwanza tupime. Mtoto wa kilo 10 ana damu yapata mililita 800 mwilini. Tone litokalo kidoleni halifikii sehemu moja katika elfu kumi ya damu hiyo. Tone hilo hutiwa juu ya kipande cha kioo mara mbili: upande mmoja zito, upande wa pili limetandazwa jembamba kama utando wa maziwa. Likikauka hutiwa rangi iitwayo Giemsa, kwa jina la Mjerumani aliyeitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20. Hapa ndipo tumwonapo mfanyi kazi wa kwanza, na kwa maoni yetu ndiye mwenye subira kupita wote: msomaji wa vioo.

Huyu hukaa mbele ya hadubini, yaani darubini ya kuonea vitu vidogo. Chembe moja nyekundu ya damu ni ndogo hata 140 zikipangwa mstari mmoja ndipo zifikie milimita moja. Hadubini huikuza mara 1,000, ikaonekana kama punje ndogo ya mahindi. Lakini kukuza peke yake hakutoshi, maana mwanga upitao katika hewa kati ya kioo cha damu na kioo cha hadubini hupinda na kupotea. Kwa hiyo msomaji hutia tone la mafuta katikati. Mafuta hayo huupitisha mwanga karibu sawasawa na kioo chenyewe, naye huona wazi. Hata maji ya kuchanganyia rangi yana sharti lake: yakizidi ukali kidogo tu, kijidudu cha malaria hakishiki rangi yake, na mgonjwa huambiwa hana kitu.

Rangi ikishika vema, kijidudu huonekana kama pete ya buluu yenye kito chekundu. Msomaji huhesabu chembe nyeupe mpaka 200, huku akihesabu vijidudu avionavyo. Ndipo kwa hesabu ya kugawa na kuzidisha ajue wingi wao katika damu. Asipoona hata kimoja hana ruhusa ya kuondoka upesi. Hutazama sehemu 100 za kioo au zaidi. Kisha kioo kile kile husomwa na mtu wa pili asiyejua alichoandika wa kwanza. Wakitofautiana sana, huitwa wa tatu. Sisi walimu tungalisahihisha mitihani yetu kwa namna hiyo, wanafunzi wangalitushukuru.

Katika chumba kingine wamo wasomaji wa namna nyingine. Hawa hawatazami umbo la kijidudu, bali maandishi ya urithi yaliyomo ndani yake, yaani vinasaba. Damu iliyokaushwa juu ya karatasi hutolewa vinasaba, navyo hutiwa katika mashine ambayo huvipasha moto hata nyuzi 95 za sentigredi, huvipoza, kisha huvipasha tena. Kila mzunguko, kipande kinachotafutwa huwa viwili. Enyi wanafunzi, chukueni kalamu: anzeni na 1, mzidishe kwa 2 mara 10, mtapata 1,024, endeleeni hata mara 30, nayo itapita milioni elfu moja. Ndivyo kitu kisichoonekana kinavyopata kuonekana.

Faida yake ni nini? Wazee wanaikumbuka klorokwini, dawa chungu yenye kuwasha ngozi. Ilisaidia miaka mingi, hata vijidudu vikaizoea, na mwaka wa 2001 Tanzania ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Ikafuata SP, nayo haikudumu, na huku kwetu kaskazini mashariki ilionekana mapema kushindwa. Ndipo ikaja dawa ya mseto. Mzazi hawezi kujua kwa macho kwamba dawa aliyompa mwanawe imekwisha kuzoeleka. Atajua mtoto akizidiwa. Watu hawa wa maabara huweza kuona mabadiliko katika maandishi ya kijidudu kabla ya msiba kuenea.

Hapana budi tuwataje na wengine kwa ufupi: waendao nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za vyandarua, dereva, makarani waandikao namba mahali pa majina, na yule mlinzi wa mitambo ya baridi, ambaye umeme ukikatika usiku ndiye aamkaye, kwa kuwa baadhi ya vifaa hukaa katika baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Pamoja nao wamo wanafunzi na walimu wa vyuo vikuu, toka Moshi na hata toka Copenhagen.

Kazi hii si ngeni Tanga. Wadachi walianzisha chuo chao cha utafiti Amani mwaka wa 1902, na mwaka wa 1949 wachunguzi wa malaria wa Afrika Mashariki walianza kazi Muheza. Katika vijiji vya Korogwe vilivyochunguzwa, mwaka wa 2003 waliokutwa na vijidudu mabondeni walizidi nusu ya waliopimwa. Mwaka wa 2008 hawakufikia robo. Tena Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyojaribu chanjo ya RTS,S toka mwaka wa 2009 hata 2014, kwa watoto zaidi ya 15,000. Waliopata sindano nne wakiwa wamepita miezi mitano walipungukiwa na malaria kwa theluthi moja na zaidi kidogo. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Si kinga kamili. Chandarua kingali na kazi.

Wakija kwenu, kabla ya sindano husomwa karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika hutia dole gumba mbele ya shahidi wake. Waulizeni damu itapimwa nini, itawekwa muda gani. Asiyependa hukataa, na aliyekubali jana aweza kujitoa leo, wala hanyimwi matibabu. Sindano na pamba zilizotumika hazirudi kwa mtu yeyote, huteketezwa tanuruni.