Kupima Mzigo wa Akili Kazini

Mtaalamu wa usingizi katika chumba cha upasuaji aweza kutekeleza kila hatua bila kosa huku akili yake imefikia kikomo. Kazi huonekana njema hadi kengele moja zaidi ya mashine inapolia. Kwa hiyo kuhesabu makosa hakutoshi. Sharti upimwe mzigo wenyewe.

Kipimo maarufu ni dodoso la NASA-TLX, lililochapishwa na Sandra Hart na Lowell Staveland mwaka 1988. Mhusika hukadiria mambo sita: kazi ya kufikiri, kazi ya mwili, shinikizo la muda, ufanisi wake, juhudi na kukereka. Ni jepesi, ila kwa kawaida hujazwa baada ya kazi. Kumkatiza mtu katikati ya dharura ili ajaze fomu ni kumwongezea mzigo uleule.

Mwili hausubiri kuulizwa. Mwaka 1966 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Jackson Beatty walionesha kwamba mboni ya jicho hupanuka kadiri mtu anavyoshika tarakimu nyingi zaidi kichwani. Lakini mwanga nao huibadilisha mboni, na moyo huenda mbio hata kwa kupanda ngazi. Ndipo vipimo kadhaa husomwa pamoja. Mzigo mdogo mno nao una hatari yake: katika upasuaji mrefu ulio shwari umakini hufifia, na dalili ya kwanza ya mgonjwa kuzorota yaweza kupita bila kuonwa.