Asiye na Mwana Aeleke Jiwe: Istilahi za Utasa na Uelewa wa Wanawake kuhusu Uzazi Saidizi

Utangulizi

Wahenga wetu walipopiga mbiu ya kuwakusanya watu walinena: asiye na mwana na aeleke jiwe. Walimaanisha kwamba hakuna ruhusa ya kubaki nyuma. Hata hivyo, kauli hii yafichua jambo jingine, yaani mgongo wa mwanamke haukutarajiwa kuwa mtupu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maneno tunayoyatumia yanavyoathiri uelewa na mitazamo ya wanawake kuhusu teknolojia ya uzazi saidizi.

Tasa na Mgumba

Shirika la Afya Duniani hufafanua ugumba kuwa ni kukosa kupata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Kwa mujibu wa ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023, takriban mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na hali hii maishani. Mtu huyo aweza kuwa mke au mume.

Kiswahili kina neno mgumba, liwezalo kutumiwa kwa jinsia zote mbili, na neno tasa, ambalo aghalabu huelekezwa kwa mwanamke au mnyama wa kike. Katika mazungumzo ya kila siku, tasa ndilo hutangulia kutamkwa. Matokeo yake ni kwamba mume hupimwa mwisho au hapimwi kabisa, ilhali kasoro za mbegu za kiume huchangia sehemu kubwa ya visa hivi. Mke naye huzungushwa kwa waganga, kumbe mirija yake imezibwa na kisonono au klamidia isiyotibiwa mapema.

Chupa Isiyokuwapo

Shangazi yangu mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, huyo mtoto wa chupa hunyonya nini humo ndani miezi yote tisa?" Sikucheka. Alikuwa ameifasiri istilahi jinsi tulivyompa.

Ukweli ni kwamba mwanamke hudungwa homoni ili mayai kadhaa yakomae kwa pamoja. Mayai hayo hutolewa kwa sindano na kukutanishwa na mbegu za kiume maabarani. Kiinitete hutunzwa huko kwa siku 3 hadi 5 hivi, kisha huwekwa katika mji wa mimba. Kikishika, mimba hulelewa tumboni kama nyingine yoyote. Wa kwanza kuzaliwa kwa njia hii ni Louise Brown, nchini Uingereza mwaka 1978. Hapa Kenya, watoto wa kwanza walizaliwa Nairobi mwaka 2006.

Istilahi upandikizaji mimba nayo ina walakini wake. Msikilizaji huweza kudhani kwamba mimba ya mtu mwingine imehamishwa, hali mara nyingi yai na mbegu ni za wanandoa wenyewe. Utungisho wa nje ya mwili lingekuwa jina aminifu zaidi.

Gharama, Dini na Mila

Si kila pingamizi hutokana na kutoelewa. Duru moja ya matibabu hugharimu laki kadhaa za shilingi, tena bila hakika ya kufaulu. Kanisa Katoliki lilikataa utungisho wa maabarani katika waraka wake wa mwaka 1987. Fatwa ya Al-Azhar ya mwaka 1980 iliuruhusu baina ya mke na mume, bila kumhusisha mtu wa tatu.

Mila nazo zina la kusema. Miongoni mwa Wakamba, Wanandi na Wakuria, mwanamke asiye na mtoto aliweza kumwoa mwanamke mwenziwe, na watoto waliozaliwa wakawa wa nyumba yake. Kwa hiyo, wazo la kusaidiwa kuzaa si geni kwetu. Kilicho kigeni ni maabara.

Hitimisho

Mwanamke ana haki ya kukubali au kukataa teknolojia hii, lakini hawezi kuamua kwa haki iwapo jina lenyewe limempotosha. Hapo ndipo sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tunapohusika. Tuunde istilahi ambazo shangazi zetu watazielewa bila mkalimani, na neno tasa tuliondoe katika vinywa vyetu kabla hatujamwambia daktari aliondoe katika chumba chake. Jiwe mgongoni ni zito. Tusiliongezee uzito kwa maneno.