Mwizi wa Korosho na Mchanga Uliofagiwa

Mvunaji wa korosho hakwei mti. Korosho iliyokomaa huanguka yenyewe, ingali imeshikamana na bibo lake, nayo huokotwa chini. Huko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi iliyo magharibi yake, kuanguka huko huendelea kwa wiki nyingi, hasa kati ya Septemba na Desemba. Urahisi wa mvunaji ni urahisi wa mwizi pia: kikapu chamtosha. Bibo likishaondolewa, korosho ya shamba hili haitofautiki na ya shamba lile.

Kinga ya kwanza ni jembe. Chini ya mti uliopaliliwa na kufagiwa, korosho huonekana upesi, huokotwa kila siku, na mchanga hutunza nyayo za aliyepita usiku. Penye majani marefu mwenye shamba hajui hata alichoibiwa.

Kinga ya pili i sokoni, nayo ndiyo nzito zaidi. Korosho za wizi zahitaji mnunuzi asiyeuliza, naye ni yule wa kangomba, anunuaye kwa siri na kupima kwa bakuli. Wengi wamwuziao ni wakulima halali wenye shida ya fedha. Mwizi hujificha katikati yao. Tangu mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ulitaka mzigo upitie chama cha msingi, upimwe kwa mizani na kuandikiwa jina. Mwaka 2018, Serikali ilipozinunua korosho yenyewe, mashamba ya wauzaji yalihakikiwa: aliyeleta magunia mengi alitakiwa kuonyesha mikorosho iliyoyajaza.