Je, Wajua? Mwanga Nao Hufunga Mlango

Je, wajua kwamba wapo watu ambao jua la saa sita huwazuia kuingia benki, kupanda basi au kusoma ubaoni? Hapa Tanzania wanaolijua hilo zaidi ni wenye ualbino, wanaokadiriwa kuwa mmoja katika kila watu 1,400 hivi. Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja katika watu 17,000 hadi 20,000.

Je, wajua tatizo linaanzia wapi? Lile duara la rangi linalozunguka mboni ni pazia la jicho. Melanini, rangi asilia ya mwili, ikipungua au ikikosekana, mwanga hupenya pazia lenyewe na kutawanyika ndani.

Miwani ya kupimwa husaidia, ila haimalizi. Kitovu cha retina, tunachosomea, hakikukomaa tangu tumboni mwa mama.

Je, wajua kwa nini mtoto mwenye ualbino husoma amepinda shingo? Macho yake huchezacheza bila hiari, lakini kuna upande ambao yakielekea hutulia. Akishaupata, huinamisha kichwa na kusoma. Mwalimu asiyejua humkemea, "Kaa vizuri!" Mtoto ananyoosha shingo, na maandishi yanampotea. Mwacheni apinde. Na wakati wa mstarini, kofia pana na mikono mirefu kwake si utovu wa nidhamu.

Neva za macho yake nazo hupita njia tofauti kuelekea ubongoni, hivyo kupima kina humwia vigumu. Ngazi za saruji zenye rangi moja, juani, huonekana kama sakafu tambarare. Dawa yake ni mstari wa njano kwenye ukingo wa kila ngazi. Kopo moja la rangi, basi.

Je, wajua bango la "Vua kofia, vua miwani" mlangoni mwa benki humtenda nini mwenye ualbino? Mlinzi anafuata amri, simlaumu. Lakini mteja aliyevua vyote viwili anaingia kwenye vigae vinavyong'aa na taa nyeupe kila kona, halafu anapewa fomu yenye herufi kama sisimizi. Avue mbele ya kamera, atambuliwe, avae tena. Usalama umepungua wapi?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Wajenzi wengi wakisikia hivyo hujenga njia ya mteremko, wakaona wamemaliza.

Je, wajua nani humsaidia asiyeweza kusoma kibao cha daladala? Mpiga debe! "Kariakoo, Kariakoo!" inamfikia kabla gari halijasimama. Wanaotaka wapiga debe waondolewe stendi wana hoja zao, ila hili nalo walipime.

Si ualbino peke yake. Wenye kipandauso nao huumizwa na mwanga. Taa za mirija zenye balasti (vidhibiti umeme vya taa) za zamani, kwenye umeme wetu wa hezi 50, humeta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ubongo unapokea. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1989 ulionyesha kwamba ofisini, balasti za masafa ya juu zilipunguza maumivu ya kichwa na uchovu wa macho kwa nusu hivi. Tuziangalie dari za ofisi zetu, kama bado zina mirija ya zamani.

Je, wajua kuvaa miwani myeusi ndani kutwa nzima kunaweza kumgeuka mvaaji? Jicho huzoea giza, na mwanga mdogo tu ukaanza kuuma. Wataalamu huwapa wenye kipandauso lenzi za rangi inayoelekea waridi. Nje juani, miwani myeusi na kofia pana vivaliwe tu.

Je, wajua mahali pa kumkalisha mtu anayesumbuliwa na mwanga? Mbele, dirisha likiwa mgongoni pake. Na ukizungumza naye usisimame umelipa dirisha mgongo: ataisikia sauti, sura hataiona.