Chakula Kibichi na Mbio Ndefu

Katika Kiswahili, neno "kibichi" lina maana mbili: kisichopikwa na kisichoiva. Kwa mkimbiaji wa marathoni asiyekula vilivyopikwa, tofauti hiyo ni kubwa.

Mwili huweka akiba ya sukari, iitwayo glaikojeni, katika misuli na ini. Akiba hiyo, yapata gramu 500, hutoa kilokalori 2,000 hivi. Lakini mtu wa kilo 60 hutumia zipatazo 2,500 katika kilomita 42.195. Hana budi kujaza akiba hiyo kabla ya mbio na kuiongezea njiani.

Wanga wa viazi visivyopikwa umo katika chembe ngumu ambazo vimeng'enya huzivunja kwa shida. Maji na moto huzilainisha. Ndiyo sababu ugali huwafaa wakimbiaji wa Kenya. Katika ndizi inayoiva, tunda lenyewe hugeuza wanga kuwa sukari. Basi asiyepika ategemee ndizi mbivu na tende. Ndizi mbili kubwa zaweza kumtosha kwa saa moja ya mbio. Muhogo asiule mbichi, kwani waweza kuwa na sumu ya sayanidi.

Kwa hiyo, chakula chake chaweza kukosa moto, lakini kisikose kuiva.