Jiko Moja, Funguo za Nani?

Wapo wenzetu wasemao kwamba jamaa wengi kukaa katika nyumba moja ni ushamba, na kwamba mtu aliyestaarabika ni yule akaaye na mkewe na watoto wake tu, mlango umefungwa. Wapo na wengine wasemao kwamba ukoo kukaa pamoja ni ujamaa tosha, wala haufai kuulizwa swali lolote. Sisi twaona pande zote mbili zimekosea. Ili kulionyesha kosa hilo, leo tunaitazama nchi iliyoishi kwa desturi hiyo kwa karne nyingi na hata kuitungia sheria, nayo ni India.

Wasomaji wetu wa mijini wengi wamekwisha kuiona desturi hiyo kwa macho yao. Wameingia katika duka ambamo baba ameketi penye daftari la hesabu, mdogo wake anapima kitambaa, vijana wao wanapanga bidhaa, na ghorofani wake zao wanapika chungu kimoja. Mara nyingi duka kama hilo lilianzishwa na mtu mmoja aliyetoka Kutch au sehemu nyingine ya Gujarat. Alipopata pa kusimama akamwita ndugu yake, na huyo naye akamwita mpwa wake. Mtaji ulikuwa wa nyumba, haukuwa wa mtu.

Kwa sheria ya Wahindu, ambao watu wa pwani huwaita Mabaniani, jamaa wa namna hiyo hutambulikana kwa mambo matatu: chakula kimoja, ibada moja na mali moja. Babu, wanawe, wake zao na wajukuu hukaa chini ya mkubwa mmoja aitwaye karta, ambaye hupokea mapato na kugawa matumizi. Ndugu wakigombana hata kila mmoja akajenga jiko lake, majirani huelewa kwamba nyumba imegawanyika.

Faida za maisha hayo si ndogo. Yatima hakosi baba, kwa kuwa yuko baba mkubwa na baba mdogo. Mzee hafi peke yake. Aliyeachishwa kazi hula mpaka apate nyingine. Shamba halikatwi vipande vipande kila baba anapofariki. Mtoto hulelewa na wengi, na mtoto wa ami yake humwita ‘bhai’, yaani ndugu, kama sisi tunavyomwita ndugu. Kabla ya kuwapo bima na pensheni, nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa bima na pensheni ya mnyonge. Mwaka 2007 Bunge la India lilitunga sheria ya kuwalazimisha watoto kuwatunza wazazi wao wazee. Taifa halihitaji kuamrisha kwa sheria jambo ambalo kila nyumba ingali inalitenda kwa hiari.

Lakini tusidanganyike. Chungu kimoja hakina maana kwamba wote wanashiba sawa. Katika nyumba hizo mchapa kazi na mvivu huweza kula kwa miaka bila mtu kuuliza nani ameleta nini. Kijana apatapo mshahara, wenye kuungoja ni wengi kuliko siku za mwezi. Mwaka 1921 baraza la rufani la mfalme huko London liliamua kwamba mtu aliyesomeshwa kwa fedha za nyumba, akaingia katika utumishi wa serikali, mapato yake ni mali ya nyumba nzima. Ililazimu itungwe sheria mwaka 1930 ili elimu ya mtu isiwe deni lisilokwisha.

Mzigo mkubwa kuliko wote umemwangukia bibi harusi. Huingia nyumba ya wageni, mara nyingi angali kijana, akawa wa kwanza kuamka na wa mwisho kula. Funguo za ghala na za sanduku hufungwa katika pindo la sari ya mama mkwe, na yeye huomba hata sukari. Kazi yake haiandikwi katika daftari lolote. Akifiwa na mume, kwa sheria ya zamani hakuwa na fungu katika mali ya nyumba, ila chakula na mavazi. Sheria ya mwaka 1937 ndiyo iliyoanza kumpa sehemu, nayo ilikuwa na mipaka. Naye binti aliyezaliwa humo alihesabiwa kuwa mpita njia, kwa maana mali ya mababu ilikuwa haki ya wana wa kiume tangu kuzaliwa.

India ilifanya nini? Katika jimbo la Kerala desturi hiyo ilifutwa kwa sheria ya mwaka 1975. Penginepo taifa halikuibomoa nyumba, bali lilifungua daftari lake. Sheria ya urithi ya mwaka 1956 iliwapa wanawake haki ambazo hawakuwa nazo, na marekebisho ya mwaka 2005 yakamfanya binti awe mshiriki wa mali ya nyumba sawasawa na ndugu yake wa kiume. Mwaka 2020 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ikathibitisha kwamba haki hiyo anazaliwa nayo.

Jambo hili latuhusu sana. Mwalimu Nyerere alipoeleza Ujamaa mwaka 1962 aliuweka msingi wake katika ukoo. Lakini mwaka 1967, alipoandika juu ya ujamaa vijijini, hakuficha kwamba maisha ya jadi yalikuwa na dosari, na mojawapo ni kumtwisha mwanamke kazi nyingi na kumnyima usawa. Anayeusifu ukoo na kulisahau onyo hilo amesoma nusu tu ya somo.

Kwa hiyo sisi tunasema hivi kwa kila mfanyakazi ambaye mshahara wake unalisha watu kumi. Usiwafukuze jamaa zako, maana kesho mwenye kuhitaji utakuwa wewe. Lakini mwenye nguvu asile bila kufanya kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mpwa mwenye afya si mgeni wa mwaka mzima. Mapato na matumizi yasemwe mbele ya wote. Na mke wako, ambaye anapika, anafua na kuuguza, awe na ufunguo na awe na kauli. Mtu anayechochea moto na haruhusiwi kusema katika nyumba hiyo ni mtumishi asiyelipwa, na mahali penye mtumishi asiyelipwa hapana ujamaa, hata chungu kikiwa kimoja.