Sungura hula anacholalia: Tandiko linavyoweza kuokoa au kuua biashara

SUNGURA hatofautishi kitanda na sahani. Akitandikiwa nyasi, atazila. Akitandikiwa gazeti, atalitafuna. Akiwekewa maranda kutoka kwa fundi seremala, atayachokonoa kwa pua na kuyaonja. Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu tandiko la sungura si bei yake wala sura yake, bali hili: Je, akilila, litamdhuru?

Kwa mfanyabiashara anayenunua sungura upande mmoja wa mpaka na kuwauza upande wa pili, swali hilo lina uzito maradufu. Sungura wa nyama hupimwa kwa kilo, lakini yule anayenunuliwa ili akae nyumbani na watoto hupimwa kwa afya yake. Akianza kupiga chafya siku ya tatu, au akionekana anachechemea, mnunuzi atamrudisha na kudai fedha zake. Aliyebeba sungura sita akapoteza wawili njiani, mara nyingi faida ya safari nzima imeondoka nao.

Nyayo, tumbo na pua

Mwili wa sungura una sehemu tatu ambazo tandiko baya huzishambulia upesi.

Ya kwanza ni nyayo. Paka na mbwa wana nyama laini chini ya miguu. Sungura hana, ana manyoya tu. Akikaa muda mrefu juu ya wavu wa waya au juu ya tandiko lililolowa, manyoya hayo hukatika, ngozi huchubuka na vidonda hutokea kwenye visigino. Vidonda hivyo huchukua muda mrefu kupona.

Jambo hili linawahusu sana wanaonunua kutoka kwa wafugaji wanaokinga mkojo wa sungura ili kuuza kama mbolea ya maji. Mabanda ya wafugaji hao huwa na sakafu ya wavu ili mkojo udondoke chini. Kabla ya kulipa, geuza sungura na utazame visigino vyake. Ukimpeleka nyumbani, mwekee hata kipande cha ubao au mkeka wa nyasi pa kupumzikia.

Ya pili ni tumbo. Sungura hawezi kutapika. Kilichoingia ni lazima kipite hadi mwisho, na kikikwama ndani mnyama anaweza kufa katika muda mfupi.

Ya tatu ni pua. Mkojo uliolowa kwenye tandiko hutoa hewa ya amonia, ile harufu kali inayowasha macho. Sungura wengi hubeba puani bakteria aina ya Pasteurella bila kuumwa. Amonia ikichubua njia ya hewa, na uchovu wa safari ukiongezeka, bakteria hao hupata nafasi na mafua huanza.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Inama hadi pua yako ifike mahali pua ya sungura ilipo. Ukisikia mkojo, yeye amekuwa akiuvuta kwa saa nyingi.

Yanayofaa

Nyasi kavu ndizo za kwanza. Nyasi aina ya Rhodes, zinazouzwa kwa marobota, hufanya kazi mbili kwa pamoja: sungura hulala juu yake na kuzila. Nyuzinyuzi zake hulifanya tumbo liendelee kusaga na meno, ambayo kwa sungura hukua maisha yote, yapungue. Nyasi nzuri hunukia shamba. Zenye vumbi jeupe, madoa meusi au harufu ya unyevunyevu zina ukungu, na zisiingie bandani.

Mabua ya ngano, yanayopatikana kwa wingi maeneo kama Narok kwa upande wa Kenya na Hanang kwa upande wa Tanzania, hutunza joto vizuri. Hayanyonyi sana mkojo, hivyo yanafaa kuwa tabaka la juu. Penye migomba mingi, kama Kagera, Kisii au Uganda, majani makavu ya mgomba ni tandiko rahisi na salama, mradi yawe yamekauka kabisa na hayakupuliziwa dawa.

Karatasi isiyo na rangi ya kung'aa na katoni zilizochanwa hunyonya mkojo vizuri zikiwekwa chini. Ondoa kwanza gundi ya plastiki na pini za chuma. Sungura akitafuna karatasi kidogo hataumia, lakini akianza kuila kwa wingi ni dalili kwamba hana nyasi za kutosha.

Ya kuepuka

Maranda ndiyo huwachanganya wengi, kwa sababu wafugaji wa kuku huyatumia kila siku. Tatizo ni aina ya mti. Mbao za mtarakwa, yaani mwerezi wa Afrika, na za msonobari hutoa mafuta yenye harufu tamu kwa binadamu lakini yanayolifanyisha kazi ya ziada ini la mnyama mdogo. Hili si jambo jipya. Mwaka 1967 mtafiti Elliot Vesell alichapisha katika jarida la Science kwamba panya waliolalia maranda ya mierezi na misonobari walibadilika utendaji wa vimeng'enya vya ini.

Mbao nyingi za ujenzi katika ukanda huu ni za msonobari na saiprasi. Mtu asiyejua maranda yametoka mti gani ni heri ayaache. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa ni hatari zaidi. Vumbi laini la mbao nalo, hata likitoka kwenye mti salama, huingia puani na machoni.

Pumba za mpunga ni bei nafuu lakini zina vumbi, ncha zake huchoma, na hazinyonyi mkojo vya kutosha. Maganda ya karanga na magunzi ya mahindi hushika ukungu haraka, na sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na sumukuvu. Mchanga wa paka unaouzwa madukani, ule unaogandamana ukilowa, usitumike kabisa: ukiingia tumboni hugandamana humo humo.

Safarini

Kizimba cha safari kinahitaji matabaka matatu. Chini kabisa weka katoni nzima, juu yake karatasi zilizochanwa za kunyonya mkojo, kisha nyasi za kulalia na kula. Vizimba vikipangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kiwe na sinia chini yake, la sivyo wa juu watawakojolea wa chini njia nzima.

Joto nalo lizingatiwe. Sungura hatoi jasho la kumpoza; hupunguza joto kwa masikio, na joto likizidi nyuzi 30 huanza kutaabika. Anayetoka Limuru kwenda Tanga aanze na tandiko nene, kisha alipunguze kadiri anavyoteremka pwani.

Mpakani

Wengi hukumbuka kibali cha mnyama na kusahau kwamba nyasi anazolalia nazo ni mzigo. Nyasi kavu na mabua ni mazao ya mimea, na mkaguzi wa afya ya mimea ana haki ya kuyauliza. Kwa Kenya kazi hiyo iko chini ya KEPHIS, na kwa Tanzania chini ya TPHPA.

Hofu yao ina msingi. Gugu karoti, mmea wenye sumu unaosumbua malisho Kenya, Uganda na kaskazini mwa Tanzania, husambaa kwa mbegu ndogo zinazojificha kwenye nyasi na magari. Kupe husafiri kwa njia hiyo hiyo. Virusi vya ugonjwa wa sungura wa kutoka damu, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza China mwaka 1984, vinaweza kudumu kwa muda mrefu kwenye vifaa na matandiko baada ya mnyama mwenyewe kuondoka.

Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, unahusu ushuru na uasili wa bidhaa. Hauondoi cheti cha daktari wa mifugo wala ukaguzi wa mimea. Kibali cha kuingiza mnyama kiombwe kabla ya safari, si dirishani.

Njia inayopunguza usumbufu ni kuvuka na katoni na karatasi, ukiwa na nyasi kidogo tu za kula njiani, safi na zisizo na mbegu. Zitaje kwa mkaguzi kabla hajauliza. Akisema zitolewe, zitoe, kisha nunua nyingine upande wa pili. Tandiko lililotumika usilitupe kando ya barabara wala kwenye malisho ya watu. Lifunge mfukoni na uulize litupwe wapi.

Baada ya kuuza

Mnunuzi wa mjini aelezwe mambo machache kabla hajaondoka. Sehemu iliyolowa itolewe kila siku, na banda zima libadilishwe angalau mara moja kwa wiki. Vijidudu vya koksidia, vinavyoua watoto wa sungura kwa kuhara, huhitaji unyevu na siku chache tu nje ya mwili ili viweze kuambukiza. Tandiko likiondolewa mapema, mzunguko huo hukatika.

Kama jike ana mimba, itachukua takriban siku 31. Ifikapo siku ya 28 awekewe sanduku lenye nyasi kavu za kutosha. Atayanyofoa manyoya yake mwenyewe na kuyachanganya na nyasi hizo, kwa kuwa watoto huzaliwa uchi na macho yamefumba. Sanduku lililolowa usiku wa kwanza huweza kuwaua wote.

Tandiko lililotolewa halipotei bure. Likirundikwa na kuoza vizuri huwa mbolea ya bustani. Muuzaji anayemweleza mnunuzi haya yote hutumia dakika kumi. Asiyemweleza anaweza kumwona akirudi na kizimba mkononi.